Mungazi mukubwa unaweza kuhama, lakini haupendi haraka

Katika parsele nyingi za Uvira, Baraka na Fizi, mungazi si pambo. Ni muti ambao baba ao babu alipanda, watoto wakakulia chini ya kivuli chake, na kila mukungu unaoiva unaleta mawese ndani ya nyumba: kidogo kwa sombe, kidogo kwa kuuzisha. Makuti yake yanafunika kibanda cha jikoni, na njiti za majani yake ndizo fagio la kiwanja. Ndiyo maana siku parsele inagawanywa kati ya warithi, ao mutoto anataka kujenga nyumba ya pili, mungazi unaweza kugeuka kesi. Mumoja anasema ukatwe, mwingine anajibu kwamba huo ni muti wa baba.

Kuna njia ya tatu: kuuhamisha. Watu wengi wanafikiri kwamba muti mukubwa ukitolewa ku udongo unakufa tu. Kwa muembe ao muavoka, karibu ni kweli. Kwa mungazi, hapana. Lakini kazi yake ni nzito, na makosa mengi yanayouua yanafanywa na watu waliokuwa na nia nzuri.

Muti usiofanana na mingine

Muembe una mizizi minene michache inayoenda mbali na kugawanyika. Ukiikata karibu na shina, muti unakosa njia ya kunywa maji. Mungazi hauko hivyo. Ni ndugu wa mbali wa mahindi na mwanzi. Hauna muzizi mukubwa wa katikati. Una mizizi mingi sana, minene sawa kalamu, na yote inatoka chini ya shina sawa vile nyuzi za fagio. Muzizi mumoja ukikufa, shina linatoa mwingine. Hiyo ndiyo siri inayofanya muti wa aina hii uweze kuhama.

Hata hivyo, jamaa ya mingazi na minazi ni kubwa na haina tabia moja. Watafiti wa Florida, kule Marekani, walipima jambo hilo. Kwa munazi, karibu nusu ya mizizi iliyokatwa iliendelea kukua, hata ile iliyokatwa karibu na shina. Kwa ile miti mirefu ya pambo inayopangwa kandokando ya barabara kubwa, mizizi iliyoachwa mirefu ndiyo iliyopona zaidi. Kwa mungazi wa nyumbani, somo ni hili: usibane donge la udongo.

Mungazi una pia uzaifu wawili. Wa kwanza ni moyo wake. Una fasi moja tu ya kuotea majani, ndani kabisa ya kichwa. Moyo huo ukivunjika ao kutikiswa vibaya, hakuna tawi lingine litakalotoka, na muti umekwisha. Wa pili ni shina. Halifungi kidonda sawa vile ganda la muembe linavyofanya. Musumari uliopigwa leo utabaki kidonda miaka yote.

Jambo lingine linashangaza. Mungazi mudogo ambao shina lake lingali linanenepa chini bila kupanda juu unateseka zaidi kung'olewa kuliko ule ambao shina limekwisha kuonekana, juu nguvu yake ya kutoa mizizi mipya haijakomaa. Muche wa ndani ya sashe ni kitu kingine: huo unahama na mizizi yake yote.

Je, inafaa?

Swali la kwanza si namna ya kuchimba, ni kama kazi inalipa. Mungazi wenye shina la metre mbili ao tatu, wenye kuzaa vizuri, unastahili jasho. Ule wa metre kumi, ambao kijana anaupanda kwa mukanda kwa kuukata mikungu, ni hatari kuulaza chini bila mashini. Huo ungekufa, ao ungeumiza mutu.

Ni lazima pia kuangalia afya. Kama majani ya chini yanakauka, yanavunjika katikati na kuning'inia kandokando ya shina, kunaweza kuwa ugonjwa wa fusariozi, ambao unaishi ndani ya udongo na unajulikana Congo tangu zamani. Kuhamisha muti wa namna hiyo ni kupeleka ugonjwa fasi mupya.

Na kuna ukweli ambao familia inapaswa kusikia mbele ya kuamua. Muche muzuri unaanza kuzaa kisha miaka mitatu ao ine. Kule Yangambi, karibu na Kisangani, watafiti walionyesha mu mwaka wa 1941 kwamba ukichanganya mungazi wa ngazi zenye ganda nene na ule wa ngazi zisizo na ganda, unapata tenera, yenye ganda jembamba na mafuta mengi zaidi. Mingazi mingi ya zamani mu parsele ni ya ganda nene. Kwa hiyo, kama kinachotafutwa ni mafuta tu, kupanda tenera mupya kunaweza kuwa faida zaidi. Kama kinachotafutwa ni kuchunga muti wa baba, hiyo ni hesabu nyingine, nayo ina haki yake.

Kuchagua siku na fasi

Mizizi mipya inahitaji joto na maji. Ku upande wa Uvira na Fizi, wakati unaofaa ni mwanzo wa mvua, Septemba ao Oktoba, ili muti upate miezi mingi ya maji mbele ya kiangazi cha Juni. Kuhamisha mu Juni ni kujifunga kubeba bidoni kila siku.

Fasi mupya isiwe karibu na ukuta. Mu mashamba, mingazi inapandwa kwa umbali wa metre 9, juu jani moja linaweza kufika metre 5 na zaidi. Chunga nyaya za umeme juu na tiyo za maji chini. Chunga pia paa la jirani, juu kuti linaloanguka usiku linaleta maneno asubuhi. Na mu kartiye za kandokando, fasi maji ya ziwa Tanganyika yalipanda mu parsele miaka hii ya nyuma, tafuta fasi iliyoinuka. Mizizi iliyokatwa ikikaa ndani ya maji yaliyosimama, inaoza.

Kuchimba na kusafirisha

Shimo jipya linachimbwa kwanza. Mungazi usilale ku jua ukingojea shimo.

Kisha mikungu yote na maua vinatolewa. Majani ya chini yanakatwa, karibu nusu ao zaidi, juu muti wenye mizizi michache hauwezi kunywesha majani yote. Yale yanayobaki yanainuliwa na kufungwa pamoja kwa kamba, yakizunguka moyo sawa bandeji.

Kwa muti wa metre mbili ao tatu, duara linachorwa kama sentimetre 60 kutoka shina, na watu wanachimba pembeni yake kwa beshi yenye makali hadi sentimetre 80 kwenda chini. Mizizi inakatwa safi, haivutwi. Wenye subira wanakata upande mumoja wiki sita ao nane mbele, wanarudisha udongo na kunywesha maji, ili mizizi mipya ianze kabla ya safari. Siku yenyewe, donge linaloweshwa na kufungwa ndani ya magunia.

Hapa ndipo wengi wanashindwa. Donge la ukubwa huo linaweza kupita tani moja na nusu, mbali na shina. Hakuna vijana sita wanaobeba kitu hicho. Njia ya nyumbani ni kuchimba mutelemko upande mumoja wa shimo, kuweka mbao, kisha kuvuta donge polepole juu ya magogo ya duara. Kamba zinashika donge na sehemu ya chini ya shina, zikiwa zimewekewa gunia ili zisichune. Kichwa hakivutwi hata mara moja, na watoto wanakaa mbali.

Kusimamisha

Kosa kubwa kuliko yote ni kupanda chini zaidi ili muti usianguke. Mungazi uliozikwa shina unakosa hewa ku mizizi, unageuka manjano, na unaweza kufa kisha miaka, wakati watu wamekwisha kusahau sababu. Usawa wa udongo wa zamani ndio usawa wa udongo mupya.

Ili usimame, shina linazungukwa na vipande vifupi vya mbao vilivyofungwa kwa mipira ya ndani ya magurudumu ya pikipiki, na miti mitatu ao mine ya kuegemeza inapigiliwa misumari ku vile vipande, si ku shina. Hiyo inabaki miezi sita, hata zaidi fasi yenye upepo wa ziwa. Udongo unarudishwa pamoja na maji mengi ili hewa itoke. Mbolea kali inangoja hadi majani mapya yaonekane.

Miezi ya kungojea

Kwa miezi ine hadi sita, udongo usikauke. Kamba za majani zinafunguliwa kisha miezi miwili ao mitatu. Vidonda vibichi vinaita kifukusi wa mungazi, yule anayezaa funza wanene ambao watu wengi wanakaanga na kula. Ndani ya sufuria ni chakula. Ndani ya moyo wa mungazi wako ni kifo. Kwa hiyo, usikate majani ya kijani bila lazima kisha kupanda.

Majani ya zamani yatakauka, na jirani atasema: "Tuliwaambia." Yasiangaliwe hayo. Kinachoangaliwa ni jani jipya la katikati, lile lililofungwa sawa mukuki. Funga uzi mwekundu juu yake, kwa usawa wa jani la pembeni, na urudi kisha wiki mbili. Kama uzi umepanda, muti uko muzima. Kama mukuki unatoka mukononi ukivutwa kidogo, na unanuka, moyo umeoza.

Mikungu itakawia, mwaka mumoja hata miwili. Ndiyo maana warithi wanapaswa kupatana mbele beshi haijaingia ku udongo: nani atabeba maji mu kiangazi, na ngazi za kwanza zitakuwa za nani. Mungazi mwingi unaokufa kisha kuhamishwa haukuuawa na beshi. Uliuawa na Julai, wakati kila mutu alifikiri kwamba mwenzake amenywesha.