Springi Iliyofichwa Kisiginoni

Agiza supu ya makongoro uiache ipoe kabisa. Itaganda, itatetema ukiigusa kwa kijiko. Kinachoigandisha ni kolajeni, protini ileile iliyokuwa imeushikilia mguu wa ng'ombe. Moto wa saa nyingi umezifumua nyuzi zake zikawa jelatini. Lakini kano ambayo haijaona moto haichezewi. Hata muuza nyama haivuti, anaikata kwa kisu.

Mtaani tunaiita mshipa, jina tunaloligawa pia kwa njia za damu na hata neva. Kano ni kitu kingine: ni kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Bana kwa vidole viwili nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Huo ugumu unaousikia ni kano ya Achilles, nene na imara kuliko zote mwilini, ndefu kiasi cha sentimita 15.

Ndani yake nyuzi za kolajeni zimelala sambamba, na zikiwa zimetulia zina mawimbi madogo, kama nywele zilizofumuliwa baada ya kukaa zimesukwa wiki nzima. Ukiivuta kano, mawimbi hunyooka kwanza, tena kwa urahisi. Ikisharefuka kwa asilimia 2 hivi, mawimbi yamekwisha na inakaza kwelikweli. Ikikaribia asilimia 8 hadi 10, hukatika. Kano yenye unene wa sentimita 1 ya mraba inaweza kubeba karibu tani 1 kabla ya kufika hapo.

Uimara huo ni mkubwa, ila mimi hunistaajabisha zaidi jinsi kano inavyorudisha ilichopewa. Mwaka 1987, R. McNeill Alexander wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na wenzake walipiga hesabu ya mtu wa kilo 70 akikimbia mita 4.5 kwa sekunde. Kila mguu unapokanyaga, kano ya Achilles hutanuka na kuweka akiba ya jouli 35, na upinde wa unyayo jouli 17. Jouli 35 zinatosha kuinua ndoo ya maji ya lita 10 hadi karibu na goti. Mguu unapoondoka chini, zaidi ya asilimia 90 ya akiba ya kano inarudi na kumsukuma mkimbiaji mbele; kiasi kidogo tu hupotea kama joto. Bila springi hizi, misuli ingelazimika kuifanya kazi hiyo upya kila hatua, na chakula kingeisha mwilini upesi.

Ngamia amekwenda mbali zaidi. Baadhi ya misuli ya miguu yake imebakiwa na nyuzi fupi mno za msuli, karibu urefu wote umekuwa kano.

Springi hii, hata hivyo, hupewi mara mbili. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalimwaga hewani kaboni-14, ikaingia kwenye mimea, kwenye chakula, na hatimaye kwenye miili ya watu. Mwaka 2013, Katja Heinemeier na wenzake nchini Denmark waliitafuta kaboni hiyo katika kano za watu waliozaliwa miaka tofauti. Kwa kuwa kiwango chake hutegemea mwaka kano ilipojengwa, walibaini kwamba kiini cha kano ya Achilles hujengwa hadi kama umri wa miaka 17, kisha karibu hakifanywi upya. Bibi wa miaka 70 anatembelea kiini kilekile alichokuwa nacho akiwa msichana.

Kwa hiyo kano iliyochoka inahitaji subira. Mnamo miaka ya 1990, daktari wa upasuaji wa Sweden, Håkan Alfredson, aliumwa kano yake mwenyewe. Mkuu wake alipokataa apasuliwe, aliamua kuitesa mpaka ikatike, ili upasuaji usiepukike. Alisimama kwa ncha ya mguu ukingoni mwa ngazi, akashusha kisigino taratibu chini ya usawa wa ngazi, akarudia na kurudia kila siku huku akiumia. Kano haikukatika, maumivu ndiyo yaliyoondoka. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 aliowapa zoezi hilo, mara 180 kwa siku, wakiongeza mzigo mgongoni kadiri walivyozoea. Baada ya wiki 12, wote 15 walikuwa wamerudi kukimbia.