Timu ya baba, urefu wa binti

Mchezo wa saba wa fainali ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ulianza saa 9:00 usiku wa kuamkia Jumatatu, Juni 23, 2025, kwa saa za Tanzania. Saa hiyo Dakawa, wilayani Mvomero, kinachosikika ni malori ya barabara ya Dodoma. Mashambani mpunga ulikuwa unakomaa na wakulima walikuwa kwenye siku za kuamia ndege, kazi isiyosubiri mtu. Kwelea kwelea wakitua alfajiri bila kukuta mwenye shamba, msimu mzima umekwenda.

Baba mmoja wa hapo, mkulima na mzazi wa watoto watatu, alikuwa macho. Picha ya mchezo hakuwa nayo, maana bando lake halitoshi video ya saa mbili na nusu. Alifuata matokeo yaliyoandikwa kwenye simu, pointi baada ya pointi, na ilipokaribia saa 11:30 alfajiri alikuwa njiani kwenda shamba, kombeo begani. Alipofika kwenye majaruba, Oklahoma City Thunder walikuwa mabingwa kwa pointi 103 dhidi ya 91 za Indiana Pacers.

Ulikuwa ubingwa wao wa kwanza tangu klabu ihamie Oklahoma mwaka 2008. Yeye amewashabikia tangu 2012, na majirani zake, ambao ni watu wa Simba na Yanga, wamekwisha choka kumuuliza timu hiyo iko wapi.

Ila furaha ya asubuhi ile ilikuwa na jambo jingine ndani yake, nalo linamhusu binti yake wa kwanza. Ana miaka 14, yuko kidato cha pili, na urefu wake ni mita 1.77. Shuleni wanamwita Twiga. Tangu Januari baba yake mdogo anayeishi Dar es Salaam amekuwa akipiga simu kila mwezi: mtoto aletwe mjini, atafutiwe shule yenye timu ya kikapu, aanze kuandaliwa kwa ajili ya ufadhili wa masomo Marekani. Urefu huo, anasema baba mdogo, ni bahati iliyolala.

Baba mtu alitamani kukubali mara moja. Ndoto hiyo hakuletewa na mdogo wake. Alikuwa nayo yeye tangu binti yuko mikononi.

Alianza na Hasheem

Wazazi wenye umri wa kutosha wanakumbuka Juni 2009. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote vijana waliokuwa wakiingia NBA mwaka ule. Memphis Grizzlies ndio waliomchukua. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Alikuwa ametoka Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako mara mbili alitajwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi yao ya Big East, na mpira wa kikapu alikuwa ameanza kuujua akiwa tayari kijana wa sekondari.

Kilichofuata kilikuwa kigumu. Katika msimu wake wa kwanza tu Memphis walimpeleka ligi ya chini ili akapate muda wa kucheza. Februari 2011 wakamhamishia Houston, kisha akaenda Portland, na Julai 2012 akatua Oklahoma. Hapo ndipo baba wa Dakawa alipoanza kuwa mtu wa Thunder. Msimu ule, 2012/13, timu ilishinda michezo 60, ikaingia hatua ya mtoano ikiwa ya kwanza upande wa Magharibi, halafu mchezaji wake Russell Westbrook akaumia goti dhidi ya Houston. Raundi iliyofuata walitolewa kwa michezo minne kwa mmoja. Waliowatoa ni Memphis, walewale.

Hasheem aliondoka mwaka 2014 na hakucheza tena NBA, ingawa alicheza baadaye Japani na Taiwan. Misimu mitano kwenye ligi ile ni jambo ambalo wachezaji wengi wa Marekani wenyewe hawalipati maishani. Lakini jina lake likitajwa huko, mara nyingi hutajwa pamoja na waliochaguliwa nyuma yake siku ileile: James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Kijana wa miaka 22 alipewa namba, na namba hiyo imemfuata hadi leo.

Ni haki kusema pia kwamba mchezo wake ulikuwa na mapungufu. Alianza kucheza akiwa amechelewa, na mbele yake Memphis alikuwapo Marc Gasol, aliyekuwa bora kuliko yeye. Kumlaumu kocha peke yake si kweli. Ila swali ambalo baba huyu amelibeba miaka yote ni moja: nani aliwahi kumwambia yule kijana kwamba ana muda?

Namba mbili mwingine

Thunder nao walipitia ukame. Nyota wao waliondoka mmoja baada ya mwingine. Msimu wa 2020/21 walishinda michezo 22 wakapoteza 50, na uliofuata walishinda 24 wakapoteza 58. Desemba 2, 2021 walifungwa na Memphis 152 kwa 79. Tofauti hiyo ya pointi 73 ndiyo kubwa kuliko zote katika historia ya NBA. Mke wake anakumbuka asubuhi ile kwa sababu mumewe hakunywa chai.

Kutokana na kupoteza huko, klabu ilipata nafasi nzuri za kuchagua vijana. Mwaka 2022 ikamchukua Chet Holmgren, mrefu wa mita 2.16, mwembamba kama mwanzi. Naye alichaguliwa wa pili, kama Hasheem. Kabla hata hajacheza mchezo mmoja wa ligi aliumia mguu na kukosa msimu mzima wa 2022/23. Hakuhamishwa. Alitibiwa, akasubiriwa, akaanza kucheza mwaka uliofuata. Kwenye mchezo ule wa saba wa Juni 2025 alifunga pointi 18 na kuzuia mitupo mitano ya wapinzani.

Baba wa Dakawa huwalinganisha vijana hawa wawili kila anapopata msikilizaji. Ulinganisho wenyewe una kasoro, na mke wake ndiye aliyeiona kwanza. Klabu yenye fedha inaweza kupoteza misimu miwili kwa makusudi ikisubiri vijana wakue. Mkulima wa mpunga akipoteza misimu miwili anauza baiskeli, halafu anauza shamba. Pia waliosubiriwa wakashindwa wapo wengi, ila hao hawaandikwi. Hata hivyo mama huyo alikubaliana na mumewe kwa sehemu: mtoto mrefu si lazima awe tayari kwa sababu mwili wake umetangulia.

Usiku na sheria za mama

Hatua ya mtoano ilianza Aprili, shule zikiwa wazi. Michezo mingi huchezwa kati ya saa 8:00 usiku na alfajiri kwa saa zetu, na binti alitaka kukesha na baba yake. Mama akakataa. Wataalamu wa usingizi wanashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10, na mtoto wa kidato cha pili anayetembea kwenda shule alfajiri hana pa kuzifidia. Sheria ikawa hivi: siku za shule simu inalala chumbani kwa wazazi, na matokeo yanasomwa asubuhi. Michezo inayochezwa mapema wanaitazama pamoja, na bando la video linanunuliwa kwa ajili ya hiyo tu.

Bahati ikawaangukia siku ya Pasaka. Aprili 20 mchezo wa kwanza wa Thunder ulianza saa 2:00 usiku kwa saa zetu, na wapinzani walikuwa Memphis. Pilau ilikuwa bado ipo kwenye sufuria. Thunder walishinda 131 kwa 80, na baba akamsimulia binti habari zote za Memphis, kuanzia 2009. Binti alisikiliza, kisha akauliza kama Hasheem alikuwa anaupenda mchezo wenyewe au aliambiwa acheze kwa sababu ni mrefu. Baba hakuwa na jibu.

Memphis walitolewa minne kwa sifuri. Denver walikuwa wagumu zaidi: walichukua mchezo wa kwanza kwa mtupo wa pointi tatu wa Aaron Gordon zikiwa zimebaki sekunde chache, na mfululizo ukafika mchezo wa saba. Huo nao ulichezwa Jumapili, Mei 18, saa 4:30 usiku kwetu. Mama alilegeza sheria hadi mapumziko, wakati Thunder wakiwa tayari mbele. Waliishia kushinda 125 kwa 93. Minnesota walitolewa kwa michezo mitano.

Kwenye fainali hapakuwa na wepesi. Mchezo wa kwanza Tyrese Haliburton wa Indiana alifunga ikiwa imebaki sehemu tatu za kumi za sekunde, Pacers wakashinda 111 kwa 110. Thunder walikuwa wameongoza karibu mchezo wote. Baba alirudi kutoka shambani kimya. Binti ndiye aliyemwekea chai na kumkumbusha kwamba bado ipo michezo sita.

Wazazi wengi hujificha wasionekane na watoto wakiwa wamefungwa, iwe mpira, biashara au shamba. Huyu hakujificha, na pengine ni afadhali. Binti yake aliona mtu mzima aliyeumia na bado akachukua kombeo lake kesho yake.

Mguu wa Haliburton

Katika mchezo wa tano Haliburton aliumia msuli wa nyuma ya mguu wa kulia, chini ya goti. Akacheza wa sita, na Indiana wakashinda 108 kwa 91. Akaingia wa saba. Robo ya kwanza, akiwa ameshafunga mitupo mitatu ya pointi tatu, alianguka akipiga sakafu kwa mkono. Mshipa mnene wa kisigino ulikuwa umekatika, mguu uleule. Baadaye alisema hajutii, na kwamba angefanya vilevile tena.

Juni 23 ilikuwa likizo, na binti aliposimuliwa asubuhi hakushangilia kombe kwanza. Alitaka kujua kwa nini aliruhusiwa kucheza. Baba akamwambia kwamba alitaka mwenyewe. Binti akauliza: na mimi nikiwa Dar nikiumia, nikasema nataka, nani atakataa?

Swali hilo ndilo lililomrudisha baba kwenye simu za mdogo wake. Haliburton ni mtu mzima wa miaka 25 mwenye madaktari, mkataba na sauti. Mtoto wa miaka 14 anayelala kwa baba mdogo, akijua kwamba familia nzima inasubiri ufadhili kutoka miguuni mwake, atasema anaweza hata kama hawezi. Baba mdogo si mtu mbaya. Anampenda mtoto na ana nia njema. Lakini katika miezi mitano ya mazungumzo hakuna aliyekuwa amemuuliza binti mwenyewe.

Walimuuliza siku hiyo jioni, baba na mama pamoja, bila kumtangulizia jibu. Ikajulikana kwamba kikapu anapenda kukitazama kwa sababu anakaa na baba yake. Anachocheza shuleni na kukipenda ni netiboli, akiwa mfungaji, na anataka kuingia timu ya shule kwenye UMISSETA. Kuhama hataki, walau mpaka amalize mtihani wa upimaji wa kidato cha pili mwezi Novemba. Jina la Twiga halimsumbui tena, ila lilimsumbua mwaka jana na hakumwambia mtu.

Baba alikaa nalo hilo la mwisho kwa siku kadhaa. Miaka 13 amejua idadi ya pointi za kila kijana wa Oklahoma.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa fundi wa kuchomelea akiwa na vipimo kwenye karatasi. Nguzo ni ileile kwa michezo yote miwili, maana ringi ya kikapu na ya netiboli zote hukaa mita 3.05 kutoka chini. Kinachotofautiana ni upana: sentimita 45 kwa kikapu, pamoja na ubao wake, na 38 kwa netiboli, bila ubao. Fundi akauliza akunje nondo kwa kipimo kipi. Baba akampigia binti simu nyumbani, na fundi akaandika 38.

Malipo ni baada ya mpunga kuuzwa. Baba mdogo bado hajaambiwa.