Nyumba ya mbao si kibanda

Mzazi anayejenga Kitahana, au kwingineko Kibondo na Kasulu, akisikia "nyumba ya mbao" huwaza kibanda cha genge. Kwetu heshima ni tofali za kuchoma. Lakini Goma, kule mashariki mwa Kongo, familia nyingi zinalea watoto ndani ya kuta za mbao. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji na kuteketeza maelfu ya nyumba. Juu ya mwamba ule, ambao kuuchimbia msingi ni kazi, watu walisimamisha fremu wakapigilia mbao. Nyumba ya namna hii ni nyepesi, haichukui muda kukamilika, na ukihama unaweza kuifungua uondoke nayo.

Ubora wake uko kwenye ukuta. Fundi anayejua huanzia chini: ubao wa pili unaulalia wa kwanza, wa tatu unaulalia wa pili, kama magamba ya samaki. Maji yanateleza ubao hadi ubao mpaka ardhini. Mbao zilizogusanishwa kingo tu zikikauka zinaachana, na mvua zetu za Novemba hadi Aprili zinamfuata mtoto kitandani. Dai zilaliane angalau inchi moja. Msumari wa ubao wa juu usitoboe ule wa chini yake, maana ubao uliobanwa pande zote mbili hupasuka ukikauka.

Halafu kuna mchwa. Weka msingi wa mawe, ubao wa kwanza uwe shibiri moja au zaidi kutoka ardhini. Wengi hupaka oili chafu. Chumba cha watoto mimi nisingekipaka, ile harufu tu inatosha.

Mninga na mkurungu ni mbao za kudumu, ila omba kuona kibali cha uvunaji kabla hujalipa. Bila hicho unanunua kesi.

Kinachonitisha zaidi ni moto. Mbao hazisubiri, na nyumba zikibanana moto unaruka kwa jirani. Jiko likae nje, kwenye banda lake. Vibatari na mishumaa visilale na watoto. Taa ndogo ya sola inatosha. Na dirisha la chumba chao lisifungwe kwa nondo zisizofunguka. Mfundishe mtoto mkubwa kulifungua gizani.