Regulata za Zamani za Kuzamia: Jinsi ya Kuzitunza Spea Zinapoadimika

Upepo wa kusi unapopungua na bahari kuanza kutulia, boti za wazamiaji huonekana tena katika Ghuba ya Chole na sehemu nyingine za Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Pamoja na mitungi, miwani na mapezi, kifaa kingine kidogo hutolewa stoo, nacho ndicho kinachobeba uhai wa mzamiaji: regulata, yaani kifaa kinachopokea hewa kutoka mtungini na kuifikisha kinywani kwa kipimo kinachofaa kuvutwa.

Si regulata zote zinazotumika ni mpya. Zipo zilizonunuliwa zikiwa zimekwishatumika, na zipo zilizorithiwa kutoka kwa waliotangulia katika kazi hiyo. Nyingi kati yake bado ni imara, kwa kuwa mwili wake ni wa shaba iliyopakwa kromu, na shaba ikitunzwa hudumu miongo mingi. Tatizo ni spea. Kiwanda hubadilisha muundo, huuzwa au hufungwa. Kampuni ya Dacor ya Marekani, kwa mfano, ilikuwa miongoni mwa majina makubwa ya vifaa vya kuzamia, lakini baada ya kununuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 jina lake lilitoweka sokoni na regulata zake hazitengenezwi tena. Mwenye regulata ya namna hiyo hujiuliza kama aitupe au aendelee kuitumia.

Umri peke yake hauifanyi regulata kuwa ya hatari. Hatari huanza pale spea iliyoundwa kwa ajili yake inapokosekana na mahali pake pakawekwa kitu kinachoelekea kufanana nayo.

Namna regulata inavyofanya kazi

Mtungi uliojaa huwa na hewa yenye shinikizo la takriban bar 200. Hakuna mapafu yanayoweza kupokea hewa hiyo moja kwa moja. Regulata huishusha kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza, ile inayofungwa kwenye mtungi, huishusha hadi karibu bar 9 au 10 juu ya shinikizo la maji yanayomzunguka mzamiaji. Hatua ya pili, ile inayoshikwa mdomoni, huishusha tena hadi ilingane na maji hayo. Kwa hiyo aliye mita 20 chini, mahali ambapo shinikizo ni mara 3 ya lile la juu ya maji, hupata hewa yenye shinikizo hilohilo na huvuta pumzi bila taabu.

Kazi hiyo hufanywa na vipande vichache: springi, pistoni au kiwambo cha mpira, na vali. Vali ina sehemu mbili zinazokutana. Moja ni ukingo mwembamba wa chuma. Nyingine ni kikalio laini cha plastiki ngumu au mpira, ambacho hukandamizwa juu ya ukingo huo ili kuifunga njia ya hewa. Kila pumzi huifungua vali hiyo na kuifunga tena, na kadiri siku zinavyopita ukingo huchonga alama katika kikalio. Hapo ndipo regulata huanza kuchoka.

Aina tatu za spea

Fundi anayepokea regulata ya zamani hana budi kuzigawa spea zake katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni pete za mpira, ambazo mafundi huziita oringi. Nyingi kati ya hizi hutengenezwa kwa vipimo vya kimataifa vinavyotumika pia katika mitambo mingine, hivyo hupatikana hata kama kiwanda cha regulata kimefungwa miaka mingi iliyopita. Muhimu ni kupima kipenyo cha ndani na unene, na kuulizia ugumu wa mpira. Pete ya kawaida huwa na ugumu wa 70, lakini sehemu inayopokea shinikizo kubwa la mtungi mara nyingi huhitaji ugumu wa 90. Pete iliyo laini kupita kiasi husukumwa nje ya mfereji wake na kukatika, hata kama ukubwa wake ni sahihi. Pete hizi ni za bei ndogo, na hazitumiwi mara ya pili.

Fungu la pili ni vikalio vya vali na viwambo. Vipande hivi havina kipimo cha jumla. Kila muundo una vyake. Vinapokosekana kwa mtengenezaji, kuna njia mbili tu za haki: kutafuta akiba iliyobaki kwa wauzaji, au kutumia kipande cha muundo mwingine ambacho mtengenezaji mwenyewe amethibitisha kwamba kinaingiliana. Kukata kikalio kutoka kwenye kandambili au plastiki ya ndoo ni kuyaweka maisha ya mtu rehani. Kugeuza kikalio kilichochakaa upande wa pili nako hakufai, isipokuwa kama kiliundwa hivyo. Vilevile akiba ya miaka mingi ichunguzwe, kwa kuwa mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya pakiti.

Fungu la tatu ni sehemu za chuma: mwili, pistoni, springi, wenzo wa hatua ya pili na vifuniko. Hizi zinaweza kuchukuliwa kutoka kwenye regulata nyingine ya muundo uleule, na ndiyo sababu fundi mwenye busara hatupi regulata iliyokufa. Lakini ukingo wa vali ndio mpaka. Katika baadhi ya miundo ukingo huo hufunguliwa na kubadilishwa. Katika mingine umechongwa ndani ya mwili au kwenye pistoni yenyewe. Ukikwaruzwa hapo, hata kikalio kipya hakitaziba. Kwa sababu hiyo pete hutolewa kwa kijiti cha plastiki au cha shaba laini, si kwa sindano ya chuma wala ncha ya bisibisi.

Kipimo kinachosema kweli

Regulata inaweza kung'aa na kutoa hewa vizuri ufukweni ilhali ndani yake ni mbovu. Kinachoonyesha hali yake ni geji ndogo inayofungwa kwenye mpira wa hewa ya shinikizo la kati. Mtungi hufunguliwa polepole, kisha kitufe cha kutoa hewa katika hatua ya pili hubonyezwa mara kadhaa. Mshale hushuka kila kinapobonyezwa, na kinapoachwa hurudi kwenye namba ileile na kutulia. Ukisimama dakika kadhaa bila kusogea, vali inafunga. Ukiendelea kupanda kidogo kidogo, kikalio kinavuja, na hewa itaanza kububujika mdomoni yenyewe.

Namba sahihi ni ile iliyoandikwa katika kitabu cha muundo husika, hivyo kitabu hicho kihifadhiwe kama hati ya chombo. Kipimo kifanywe mtungi ukiwa umejaa, na kirudiwe ukiwa karibu kuisha, kwa sababu katika baadhi ya miundo ya zamani isiyo na mizani shinikizo la kati hubadilika kadiri mtungi unavyopungua.

Kipo pia kipimo rahisi kisichohitaji geji. Regulata ikiwa haijafunguliwa hewa, na kifuniko cha mlango wake wa hewa kikiwa kimefungwa vizuri, mtu huivuta taratibu kwa mdomo. Asipate kitu. Akipata hewa, kuna kiwambo kilichotoboka au vali ya kutolea pumzi isiyofunga, na kwa tundu hilohilo atameza maji akiwa chini.

Rangi ya chujio dogo la chuma kwenye mlango wa hewa nayo hutoa habari. Wekundu wa kahawia huashiria kutu ndani ya mtungi wa chuma. Ukijani huashiria kwamba maji ya chumvi yameingia na kuanza kuila shaba. Weusi mara nyingi hutoka kwenye kompresa isiyochuja vizuri. Kubadilisha chujio bila kushughulikia chanzo hakusaidii.

Matunzo ya kila siku

Sehemu kubwa ya uchakavu hutokana na chumvi, na dawa yake ni maji. Kila baada ya kuzamia, kifuniko cha mlango wa hewa hukaushwa na kufungwa kwanza, kisha regulata huloweshwa katika maji baridi au ya vuguvugu yasiyo na chumvi. Maji ya kisima chenye magadi au chumvi hayafai. Ya mvua yaliyokingwa ni bora. Wakati huo kitufe cha kutoa hewa kisibonyezwe, kwa kuwa kikibonyezwa bila shinikizo hufungua njia na maji huingia hadi hatua ya kwanza.

Baada ya hapo regulata ianikwe kivulini. Jua kali na stoo ya bati yenye joto hukausha mpira na kuupasua. Itundikwe mbali na jenereta na petroli, na mdomo wake ufunikwe kwa kitambaa safi, maana mende na nyigu hupenda kujenga ndani yake. Mpira wa hewa ukunjwe kwa vidole karibu na ncha za chuma. Ukionyesha nyufa, ubadilishwe.

Wakati wa kuifungua, shaba yenye ukoko inaweza kulowekwa dakika chache katika siki iliyochanganywa na maji, kisha kusuuzwa vema. Ikikaa muda mrefu siki hula kromu. Pete mpya hupakwa grisi ya silikoni kidogo sana. Grisi ya gari, mafuta ya nazi na mafuta ya kula hayafai: baadhi huharibu mpira, na mafuta yakikutana na hewa ya shinikizo kubwa, hasa iliyoongezwa oksijeni, yanaweza kuwaka.

Wakati wa kuacha

Ufundi wa ndani si kazi ya kujifunzia kwenye regulata itakayotumiwa na mtu mwingine. Matengenezo kamili hufanywa na fundi aliyefunzwa, kwa kawaida mara moja kwa mwaka au kwa mujibu wa kitabu, na kila alichobadilisha kiandikwe katika daftari pamoja na tarehe na namba ya geji.

Regulata isiyopatikana kikalio chake, yenye ukingo uliokwaruzwa au isiyotulia katika kipimo iondolewe kazini, hata kama msimu umewadia na wageni wanasubiri. Mzamiaji anayekosa hewa ghafla hukimbilia juu, na akizuia pumzi njiani hewa iliyo mapafuni hutanuka: kutoka mita 10 hadi juu ya maji huongezeka mara 2. Mapafu yanaweza kupasuka, na tiba ya majeraha hayo haipatikani katika zahanati.

Wakazi wanakumbushwa pia kwamba Kanuni za Uvuvi zinakataza kuvua kwa kutumia mitungi ya hewa. Maelezo yaliyotolewa hapa yanawahusu wanaozamia kwa kazi na shughuli zinazoruhusiwa. Kabla msimu haujaanza, kila mwenye regulata ya zamani anashauriwa kuandika jina la mtengenezaji, muundo na namba yake, kuulizia vikalio na viwambo mapema, na kununua vya akiba vingali vinapatikana. Wenye regulata za muundo mmoja wakiagiza kwa pamoja, gharama ya usafirishaji hupungua kwa kila mmoja, na ile iliyokufa ya mmoja wao huwa ghala la spea kwa wengine.