Fahamu: Huzuni sugu ya wazazi wa watoto wenye ulemavu

Huzuni sugu ni majonzi yanayomrudia mzazi wa mtoto mwenye ulemavu kwa miaka mingi, huku akiendelea kumpenda na kumlea. Si ugonjwa wa akili.

Chimbuko

Mtafiti Simon Olshansky aliieleza huzuni hii nchini Marekani mwaka 1962. Alipinga, na kwa haki, mazoea ya wataalamu kuwasukuma wazazi waikubali hali ya mtoto wao upesi.

Huamshwa na nini?

Mara nyingi ni hatua za kawaida za makuzi: watoto wa rika la mtoto huyo wanatembea, wanaandikishwa darasa la kwanza, wanabalehe. Mama wa mtoto mwenye utindio wa ubongo huweza pia kulaumiwa na ukoo, akaambiwa ni laana au amerogwa. Maneno hayo huweza kuchoma kuliko ulemavu wenyewe.

Kinachosaidia

Mzazi husaidiwa na mazoezi ya viungo ya mtoto karibu na nyumbani, mtu wa kupokezana naye malezi, na wazazi wenzake wa kuzungumza nao.