Jasho Lisipokauka: Maana ya Jotoridi la Balbu Nyevu

Maji ya mtungini hupoa kwa sababu yale yanayopenya udongo hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Ngozi ya binadamu hujipoza kwa njia iyo hiyo. Kinachotupoza si kutoka kwa jasho, bali kukauka kwake. Jasho linalodondoka chini huupunguzia mwili maji na chumvi tu.

Hewa iliyojaa mvuke haikaushi jasho kwa urahisi, na kipimajoto cha kawaida hakilionyeshi jambo hilo. Kipimajoto ambacho balbu yake imefungwa kitambaa chenye maji na kupitiwa na upepo huonyesha hewa hiyo inaweza kupoza kitu hadi kiwango gani kwa uvukizi. Kiwango hicho ndicho jotoridi la balbu nyevu. Lodwar, penye nyuzi 36 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 25, ni karibu nyuzi 21. Dar es Salaam, penye nyuzi 32 na asilimia 70, ni karibu 27.

Kinadharia, balbu nyevu ikifikia nyuzi 35, mwili hauwezi tena kujipoza, hata kivulini. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2022 yalionyesha kwamba, katika unyevu mwingi, hata vijana wenye afya hushindwa kwenye nyuzi 31 hivi. Wazee, watoto wachanga, wajawazito, wagonjwa wa moyo na watumiaji wa dawa za kuongeza mkojo huelemewa mapema zaidi. Hata hivyo, mgonjwa asiache dawa kabla ya kumwuliza daktari.

Mhudumu akimpokea mtu aliyetoka kwenye joto, amechanganyikiwa na mwili wake umezidi nyuzi 40, amchukulie kuwa ana kiharusi cha joto. Parasetamoli haitamsaidia. Penye hewa kavu, amwagiwe maji na kupepewa. Pwani, kupepea pekee hakutoshi: azamishwe hadi shingoni katika maji baridi huku kichwa kikishikiliwa, au afunikwe shuka zilizochovywa katika maji ya barafu, zikibadilishwa mara kwa mara. Asinyweshwe chochote hadi fahamu zirejee. Malaria na sukari vipimwe, lakini upozaji usisubiri majibu.

Nyumbani, itazame kamba ya nguo. Nguo zikishinda kivulini bila kukauka, jasho nalo halikauki. Kazi nzito ifanywe alfajiri.