Cheki Meno ya Nyuma Kwanza

Kila mbogi ya baiki hapa Kanairo iko na msee mmoja anaamini spidi inanunuliwa mbele. Mshow haibridi yako inaisha gia ukiwa Thika Road, na hata hatakuuliza swali: "Buda, dunga cheniwili kubwa." Na wasee wanadunga. Wanatoa doh ya wiki mzima, doh msee amesaka akipelekea watu chakula kwa mvua, alafu Jumapili ikifika miguu inachoka mapema na bado wanafika Juja na time ile ile. Hiyo kitu huniuma sana, juu jibu lilikuwa kwa kalkuleta ya simu.

So toa simu. Haibridi mob zenye zinaingianga ka ex-UK ziko na cheniwili tatu mbele, meno 48, 38 na 28, na nyuma friwili ya gia saba, meno 14 mpaka 28. Zingine zimekopa mbele ya mountain: 42, 34 na 24. Geuza baiki, hesabu yako, usiamini sticker. Tairi ya 700 kwa 35 ikizunguka mara moja inakula karibu mita 2.17 ya lami. Chukua meno ya mbele, gawa na ya nyuma, zidisha na hiyo 2.17. Hapo umepata umbali wenye unasonga kila pedo ikimaliza raundi. 48 kwa 14 inakupa mita 7.4. Ukipiga raundi 90 kwa dakika, hiyo ni kilomita 40 kwa saa.

Sasa jiulize, na ujiambie ukweli: unaeza shika 40 kwa flat, bila upepo ya kukusukuma, dakika kumi mzima? Wasee wa hiyo level hapa mtaani ni wachache sana. Wengi wanakanyaga raundi 60, na kwa gia hiyo hiyo, 60 ni kilomita 27 kwa saa. Yaani baiki bado iko na 13 zingine zimekaa tu, hakuna mtu anazitumia. Gia haijaisha, ni miguu inaenda polepole. Alafu huyo huyo ndo anaambiwa adunge cheniwili kubwa zaidi, azungushe polepole kuliko hapo, na goti ndo inabeba hiyo mzigo yote.

Kujua raundi zako si kazi. Uko kwa flat, unaenda kawaida, weka sekunde 15 na uhesabu venye goti ya kulia inapanda. Zidisha na nne. Ukipata chini ya 80, sare duka kabisa. Shusha gia moja, zungusha haraka na pole pole mwili utazoea. Mwanzo utaona ka unarukaruka kwa siti. Hiyo huisha, bora siti isiwe chini sana. Ukikalia siti, weka kisigino kwa pedo ikiwa chini kabisa: mguu inafaa inyooke.

Na hii si theory ya majuu. Chris Froome alizaliwa hapa Nairobi 1985, na akiwa kijana alikuwa anatoka kupiga baiki na David Kinjah na maboyz wa klabu yake, Safari Simbaz, pande za Kikuyu. Akaenda akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Watu walimjulia nini kwa milima? Kuketi kwa siti na kuzungusha gia nyepesi haraka mpaka wenye wanamfuata wanaachwa. Hiyo ni baraka kubwa kwa msee amesota: style ya bingwa haina bei.

Alafu kuna upepo, na hapo ndo haibridi inaumia kuliko baiki ya race. Hando iko juu, kifua imefunguka yote, unashika hewa. Nguvu yenye upepo inakudai inapanda ka spidi zidisha spidi zidisha spidi. Ukitoka 25 ufike 35 kwa saa, spidi imeongezeka mara 1.4 tu, lakini upepo peke yake unadai nguvu karibu mara tatu. Hakuna cheniwili inaeza kukulipia hiyo deni. Kunja viwiko, lalisha mgongo kiasi, shusha hando ka stemu inakubali, na usiende na jaketi inapepea. Ukiwa na tairi za mountain zenye meno kubwa na unakanyaganga lami tu, weka laini za 32 ama 35 na ujaze hewa venye imeandikwa kwa ubavu wa tairi. Hiyo moja utaiskia siku hiyo hiyo.

Lakini kuna msee gia imemwisha kweli. Amehesabu, anapiga 95, 100, na bado anataka kusonga. Ama baiki yake mbele ni 42: hiyo na 14 ya nyuma, kwa raundi 90, inampa 35 kwa saa, na akiteremka kutoka Limuru miguu inakosa kitu ya kusukuma. Huyo simkatazi. Ninachomwambia ni aangalie nyuma.

Hesabu ndo inanifanya niseme hivo. Ukitoa 42 mbele uweke 48, umeongeza asilimia 14. Ukitoa friwili ya 14 mpaka 28 uweke ya 11 mpaka 28, umeongeza asilimia 27 kwa gia ya mwisho, na 28 yako ya kupanda Ngong bado iko. Kupata hiyo spidi ukitumia mbele pekee, ungetafuta cheniwili ya meno 53, na hiyo kwa fremu ya haibridi mara mob itasugua chuma ya chini. Ukikosa friwili ya 11, ya 13 ni rahisi kupatikana, na inakupa karibu asilimia 8. Si mob, lakini kwa mwenye ako na 48 mbele inatosha kabisa. Hiyo ya 11 nayo iko na shida zake: gia za katikati zinaachana, ukibadilisha unaskia mguu imeruka, na kijino kidogo hivo huisha haraka.

Mbele ni kesi ingine noma. Krenki mob za bei ya chini cheniwili zake zimepigwa riveti, hazifunguki, so unanunua krenki mzima. Krenki mpya inaeza dai eksel ya size ingine. Deraila ya mbele lazima ipandishwe ikae milimita moja mpaka tatu juu ya meno, na umbo yake iwe ya hiyo size. Cheni inakuwa fupi. Ukijumlisha zote unapata doh ingekupatia tairi mbili mbichi na chenji ibaki.

Ukienda kwa fundi kubadilisha nyuma, kuwa rada kwa vitu kadhaa. Kwanza ajue ka ni friwili ama kaseti. Friwili inajifunga kwa habu na nyuzi, kaseti inateleza kwa mifereji na kushikwa na ringi ya juu, na haziingiliani. Friwili hukazika kila ukikanyaga, so ikikaa miaka inashika vibaya. Fundi fiti ako na kifunguo chake na spana ndefu. Akitoa nyundo na tindo, mwambie asimame na ubebe baiki yako, juu nyuzi za habu zikiharibika unanunua wili. Gia saba zibaki saba, juu shifta yako inahesabu hadi saba.

Cheni ndo wasee hukataa kugharamia, na ndo inaharibu kazi yote. Pima na rula: pini 24 mbele kutoka ile umeanzia inafaa iwe inchi 12 kamili. Ikipita kwa milimita moja na nusu, imekwisha. Cheni ya zamani kwa friwili mbichi inaruka, na inapenda kuruka ukisimama kwa pedo ukipanda, na hapo unaeza anguka mbele ya nganya. So kabla uishie, muulize fundi umbali kidogo wa kupanda, piga gia zote saba, alafu weka ile ndogo kabisa na ukanyage kwa nguvu ukiwa umeketi, mikono kwa breki. Ikiruka hata mara moja, adunge cheni mpya ukiwa hapo hapo.